Mti hukua kwenye ncha, basi linda ncha

Kijana mmoja wa Mkoani, hapa Pemba, ameniandikia wiki hii akiuliza kwa nini minazi yake michanga imedumaa ilhali anaitilia mbolea kila mwezi. Swali lake limenitonesha kidonda, kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Nilipanda miche minane nyuma ya nyumba yetu, Wete. Makuti mapya yalipofunguka yakiwa yamekatika pembe, kana kwamba yamepitiwa na mkasi, nilidhani ardhi imechoka, nikarundika samadi. Mzee wa jirani aliniambia mbele za watu kwamba nimesoma vitabu lakini mnazi siujui, na maneno yale yananiuma hadi leo, maana alisema kweli. Alikuwa ni chonga, dudu jeusi lenye pembe, ametoboa hadi kwenye shaha, yaani moyo wa mnazi ulio kileleni, na samadi niliyoirundika ndiyo anayopenda kutagia. Mitano ikafa.

Mti haurefuki kila mahali. Seli zinazogawanyika ili kuurefusha zimo kwenye ncha ya shina na ncha za mizizi. Kila seli hunakili kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba sifa za urithi, ikagawanyika kuwa mbili zinazofanana, kisha seli hizo changa hujaa maji na kurefuka. Msumari alioupiga marehemu baba kwenye mkarafuu ili atundike pakacha lake ungali usawa wa kifua, ingawa mti umepaa mno. Ila gome limeumeza, kimebaki kichwa tu, kwa sababu chini ya gome la mkarafuu kuna utando wa seli zinazogawanyika na kulinenepesha shina. Mnazi hauna utando huo, wala hauna chipukizi jengine la akiba. Una shaha moja tu, na likioza, mbolea haitausaidia kitu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuangalie ncha kabla ya kuangalia udongo. Mchomoeni chonga kwa waya wenye ndoana, tieni mchanga uliochanganywa na jivu kwenye makwapa ya makuti, na magogo ya minazi yaliyooza yaondolewe shambani. Nanyi wachumaji wa karafuu, acheni kuvunja matawi, kwani mashada hutoka kwenye ncha za vitawi hivyo hivyo mnavyovitupa chini.

Mitatu yangu iliyosalia nimeilinda hivyo, na Ijumaa iliyopita mmoja umefungua kuti zima, halina hata pengo. Nawe kijana wangu, kabla hujanunua mbolea nyengine, kalitazame lile kuti changa la katikati.