Kauri ya Kweli, Saa ya Uongo

Fundi saa wangu ni mzee mwenye meza ndogo mjini Unguja, na kwenye meza hiyo kuna makopo ya vidonge yaliyojaa skrubu za kila ukubwa. Nilipomwekea saa yangu hakuhangaika na uso wake. Aliigeuza, akaipima uzito mkononi, kisha akaishika pete ya juu, ile inayozunguka kioo, kwa vidole viwili na kuitikisa karibu na sikio.

"Mwanangu," akasema, "umezama nayo hii?"

Nilikuwa nimezama nayo miezi saba.

Saa yenyewe nilipewa na ami yangu anayeishi Dubai. Alikuja Idi, akanivisha mbele ya watu: Rolex Submariner, saa ya wapiga mbizi, pete ya kijani, uso mweusi, au tuseme ndivyo ilivyojiandika. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaopiga mbizi huku Nungwi, kwa hiyo ami alijua pa kunishika. Wala hakunificha kwamba ni kopi. Ila, akasema, ni kopi ya daraja la juu: pete ya kauri, kioo cha yakuti, mashine ya otomatiki, boksi na kadi vyote vimo. Ya kweli ya namna hiyo inauzwa zaidi ya dola 10,000. Bei ya hii hakuitaja, nami sikuuliza, zawadi haiulizwi bei.

Tangu hapo vijana wa ufukweni hunifuata na saa zao mkononi: kaka, hebu itazame, hii ni nzuri? Ndani ya swali hilo mna maswali mawili, na mimi mwenyewe nilichelewa kuyatenganisha. Moja ni kama inafanana na ya kweli. La pili ni kama inafanya kazi ya saa ya mbizi.

La kufanana nalimaliza haraka, maana halinipendezi tena. Kwenye Submariner ya kweli kilensi kilicho juu ya tarehe hukuza mara 2.5, namba inajaa kidirisha. Kwenye kopi za bei ya chini tarehe hubaki imesinyaa. Ukingo wa ndani wa ile ya kweli, kati ya uso na kioo, umechongwa neno ROLEX kuzunguka kote, na chini kabisa, palipo na 6, pana namba ya saa yenyewe. Mgongo ni chuma kitupu, kwa hiyo ukiona wameweka kioo nyuma ili mashine ionekane, mrudishie mwenyewe. Mshale wa sekunde hupiga hatua 8 kwa sekunde moja. Hatua hizo huwezi kuzihesabu kwa macho, lakini simu inaweza: rekodi video ya mwendo wa polepole, kisha hesabu. Mashine nyingi za bei rahisi hupiga 6. Ukiona unaruka mara moja tu kila sekunde, hiyo ni ya betri na aliyekuuzia amekudharau. Sumaku, mizani, tone la maji la kupima kama kioo ni yakuti, hayo yote nimeyajaribu, na nimeona yanamfurahisha mpimaji kuliko yanavyompa jibu. Boksi na kadi usivihesabu kabisa. Anayeweza kughushi saa hashindwi na karatasi.

Saa ya ami ilifaulu karibu yote. Tarehe ilijaa, maandishi ya ukingoni yalinyooka, mshale ulipiga 8. Mgeni mmoja wa Kijerumani, aliyevaa ya kweli, alizilaza mbili juu ya taulo jahazini akacheka. Nikavimba kichwa.

Kilichonidanganya zaidi ni ile kauri, na hapa nitakaa kidogo.

Submariner ni saa ya tangu mwaka 1953, na kwa miaka mingi pete yake ilikuwa na bamba la aluminiamu. Jua likilichapa linapauka, likigusa mwamba linachubuka. Rolex walianza kuweka kauri kwenye saa zao mwaka 2005, na Submariner ya chuma ikaipata mwaka 2010. Si kauri ya vikombe na sahani, ingawa ni jamaa yake. Ni oksidi ya zikoniamu iliyookwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,500 mpaka ikawa ngumu kiasi kwamba kisu cha kawaida hakiachi alama. Namba zimezamishwa ndani yake, na kwenye zile za chuma hufunikwa utando mwembamba wa platinamu.

Basi nami nikajaribu. Nilichukua ncha ya kisu changu cha kuzamia nikaiburuza juu ya pete ya saa ya ami. Hakuna kitu. Nikaongeza nguvu. Palibaki mstari wa kijivu, nikaupangusa kwa kidole ukatoka. Kumbe ni chuma cha kisu kilicholika. Nikajiambia, kama kauri ni ya kweli, wataacha kweli wapi?

Wataacha kwingine kote. Siku hizi pete ya kauri ni kitu cha viwandani kama kigae cha bafuni, zinauzwa peke yake kwenye intaneti kwa dola chache, za rangi unayotaka. Mtengeneza kopi anaweka pesa yake pale jicho lako linapotua. Wewe umesoma kwamba kauri haichubuki, yeye naye amejua umesoma. Kwa hiyo akija mtu kukwambia "hii ni kauri halisi, jaribu kwa funguo", mwamini kabisa, halafu usilipe hata shilingi kwa sababu hiyo.

Pete ya saa ya mbizi si pambo. Ukianza kushuka unaizungusha, pembetatu yake ilingane na mshale wa dakika. Toka hapo unasoma umekaa chini dakika ngapi bila kupiga hesabu. Ndiyo maana huzunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale, kwa mibofyo 120. Ikigongwa na mtungi wa hewa au kamba ya nanga ikasogea, itakuonyesha umekaa muda mrefu kuliko uliokaa, nawe utapanda mapema. Hasara yake ni kuwakosa kasa wawili watatu. Ikiweza kurudi nyuma, hesabu inapungua: utadhani ni dakika 30 kumbe ni 40, na mtungi haujui unachodhani.

Ya kwangu ilibofya vizuri, sauti tamu kabisa. Lakini fundi alipoikandamiza upande mmoja kwa kidole gumba na kuisukuma, ilirudi mbofyo mmoja. Akarudia, ikarudi miwili. Mimi huzama na kompyuta ya mbizi, kile kifaa kinachohesabu muda na kina, saa ni ya akiba tu, na hapo ndipo nilipomshukuru Mungu. Jaribio hili ni la bure, lifanye kabla ya lolote. Kandamiza, sukuma kinyume, tena pande zote nne.

Baadaye ile kauri ilitoka yenyewe. Nilikuwa nasuuza vifaa kwenye pipa la maji baridi, kijani kikabaki kiganjani mwangu kama ganda la kombe. Chini yake palikuwa na utepe wa gundi wa pande mbili, umegeuka manjano, umejaa mchanga. Kauri ngumu kuliko kisu, imeshikiliwa na utepe.

Turudi mezani kwa fundi. Kabla ya kuifungua aliagiza chai, akachukua kisahani na kukiweka juu ya kikombe cha maji ya moto. Akailaza saa juu yake, kioo juu, akasubiri mpaka chuma kikawa na joto la kushikika. Kisha akadondosha tone la maji ya baridi katikati ya kioo, akahesabu kama dakika moja, akalifuta kwa kitambaa. Ndani ya kioo, pale pale tone lilipokaa, palikuwa na ukungu wa ukubwa wa punje ya kunde. Ukungu huo ni unyevu uliokwisha kuingia. Joto limeupandisha na baridi ya tone imeunasa. Hata viwanda hupima hivyo, ila wao hawatumii kisahani cha chai. Wewe pia unaweza kuifanya nyumbani, mradi usiipike saa.

Alipoufungua mgongo alinipa darubini yake ya jicho. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa mkavu, umelala bapa, hauna hata dalili ya grisi ya silikoni. Mashine ilikuwa imeshikiliwa na duara la plastiki nyeupe. Skrubu moja ilikuwa na kutu kama tone la chai. Kile kifundo cha kutilia ufunguo kilikuwa na nukta tatu ndogo chini ya alama ya taji la Rolex, kama ya kweli. Kwenye ya kweli nukta hizo ni alama ya kifundo chenye mipira kadhaa ya kuzuia maji. Kwenye yangu palikuwa na mpira mmoja, na hesi zake zilikamata mizunguko miwili tu.

Usoni imeandikwa mita 300. Kuna kanuni ya kimataifa ya saa za mbizi, ISO 6425, inayotaka kila saa moja moja ipimwe, tena kwa shinikizo la kina kilichoandikwa na robo yake nzima juu. Hakuna anayepima kopi. Mita 300 za saa yangu zilikuwa wino.

Ukiwa nayo tayari, mpe fundi aweke mipira mipya na grisi, halafu iweke mbali na bahari. Kunawa mikono, sawa. Ukisafiri, ujue kwamba forodha ya Uswisi, tangu Julai 2008, ina ruhusa ya kuitwaa kopi hata kama ni ya kuvaa mwenyewe. Kuifanyia biashara ni kosa kwetu Tanzania, na Kenya nako kuna sheria yake ya mwaka 2008. Nilitokea kupewa ofa nzuri na mtu aliyedhani ni ya kweli. Nilimwambia ni kopi, akaondoka amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyeighushi.

Ukitaka ya kuzama nayo, pesa ndogo inatosha. Kuna Casio ya betri yenye alama ya samaki, mita 200, chini ya dola 100. Hata Bill Gates amepigwa picha akiwa nayo. Ukiwa na zaidi kidogo, tazama Orient, au Citizen Promaster inayokula mwanga. Seiko pia, lakini nazo zina kopi, kwa hiyo rudi kwenye kidole gumba na kisahani. Pete za hizi mara nyingi ni aluminiamu. Ya kwangu imeshachubuka, na alama moja naijua ilitokana na ngazi ya jahazi.

Ile kauri fundi aliigandisha tena kwa gundi yake, hakunitoza. Ijumaa iliyopita ami alipiga simu ya video. Niliiona ile saa kwenye droo, nikaivaa upesi kabla sijapokea, na kama kawaida akaomba nimsogezee mkono.

"Si nilikwambia?" akasema. "Mpaka leo haina hata mkwaruzo."

"Haina, ami," nikasema. Na kweli haina.