Fiery ya ndani au seva ya pembeni?

Mkuu, umesema unabadilisha mashine ya kuchapa unaleta ya dijitali kubwa zaidi, na mtu wa mauzo anakusukuma uchukue Fiery (ile kompyuta inayochakata faili kabla mashine haijachapa) ya ndani, iliyojengwa humo humo kwenye mashine, kisa bei iko chini. Mi naona angalia kwanza kazi zako, kama ni vipeperushi na bizines kadi, faili moja kopi 500, ya ndani inatosha kabisa usitupe hela. Ila kama unapiga vyeti kila kimoja na jina lake, kalenda za picha nzito, vitabu vya rangi, chukua ya pembeni, yaani seva inayokaa nje ya mashine, ile ina prosesa na RAM ya kueleweka, inachakata kazi inayofuata huku mashine inaendelea kuchapa, maana mashine ikikaa inasubiri faili hapo ndo hela inapotea. Wakupimie kwa faili zako mwenyewe, sio demo zao zile nyepesi. UPS (betri ya akiba) ya seva usisahau, umeme wetu unaujua. Halafu leseni jamani!! programu ya kupanga kurasa, ya profaili za rangi, na kile kifaa cha kupimia rangi mara nyingi vinauzwa kando kwa bei yake, vyote viandikwe kwenye profoma kabla hujalipa.