Kabla ya Kununua Rolls-Royce Corniche ya Paa la Kukunja

Nimefanya kazi ya kukarabati magari ya kale nchini Uingereza kwa miaka mingi, na hakuna gari ambalo ndugu na marafiki wameniuliza habari zake zaidi kuliko Rolls-Royce Corniche yenye paa la kukunja. Wanachotaka kujua ni kama bei iliyotajwa kwenye tangazo ni nafuu kweli au ni mtego. Ushauri wangu ni kwamba mnunuzi aijue kwanza historia ya kampuni iliyolitengeneza, kwa kuwa historia hiyo ndiyo itakayomwonyesha mahali pa kumulika tochi.

Charles Rolls, mwana wa kabaila aliyekuwa akiuza magari London, alikutana na mhandisi Henry Royce katika Hoteli ya Midland, Manchester, tarehe 4 Mei 1904. Royce alikulia katika umaskini, na hakuvumilia kazi iliyofanywa nusunusu. Rolls alifariki mapema, Julai 1910, katika ajali ya ndege huko Bournemouth, lakini ukali wa Royce katika kazi ulibaki ndani ya kampuni hata baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1933. Kiwanda cha Crewe, ambako mitambo ya Corniche ilitoka, kilijengwa mwaka 1938 kwa ajili ya injini za ndege za Merlin, na magari yalianza kuundwa humo mwaka 1946, vita vilipokwisha. Kazi hiyohiyo ya injini za ndege ndiyo iliyoiangusha kampuni: gharama za kuunda injini mpya ya RB211 ziliifilisi Februari 1971, na Corniche ikazinduliwa mwezi uliofuata, kampuni ikiwa bado mikononi mwa wafilisi. Mimi huona fahari kubwa katika jambo hilo, kwamba mafundi waliokuwa hawajui hatima ya ajira zao hawakupunguza hata mshono mmoja wa ngozi.

Sasa tuje kwenye bodi, maana ndiyo inayokula fedha kuliko kitu kingine chochote. Hadi Silver Shadow ilipotoka mwaka 1965, Rolls-Royce ilikuwa bado ikiuza chesisi ambazo mafundi wa bodi waliweza kujenga juu yake umbo alilolitaka mteja. Silver Shadow iliunganisha bodi na fremu kuwa kitu kimoja, na biashara ya mafundi hao ikakosa pa kusimama. Kampuni ilikuwa imekwisha kununua nyumba mbili kongwe za ufundi huo, Park Ward mwaka 1939 na H. J. Mulliner mwaka 1959, kisha ikaziunganisha mwaka 1961 kuwa Mulliner Park Ward. Hao ndio waliojenga Corniche mjini London, kwa mikono, wakiimarisha sehemu ya chini ya gari ili kufidia paa la chuma lililoondolewa. Kwa sababu hiyo vizingiti vya chini ya milango hubeba uzito ambao katika gari la kawaida ungegawanywa na paa, na kutu ikishaviingia, gari zima hulegea.

Anza hapo. Piga magoti, pitisha mkono chini ya vizingiti, kisha kagua matao ya magurudumu ya nyuma, ncha za chini za madigadi ya mbele na chuma kilichofichwa na bampa. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: ikikataa kushika kwenye kizingiti, chini ya rangi hiyo pana pati na si chuma. Usishtuke ikikataa kushika kwenye milango, boneti na buti, kwa kuwa hizo ni za alumini tangu kiwandani. Funga na ufungue milango yote miwili gari likiwa limesimama mahali tambarare. Mlango unaohitaji kuinuliwa kidogo ili ufunge, au nafasi yake isiyolingana juu na chini, ni dalili kwamba bodi imepinda.

Soma pia namba ya chesisi kabla hujasikiliza maelezo ya muuzaji. Katika magari yaliyotengenezwa kabla ya namba ndefu za tarakimu kumi na saba, gari la paa la kukunja lenye usukani wa kulia huanza na herufi DRH, na lenye usukani wa kushoto DRX, isipokuwa mengi ya soko la Marekani, ambayo herufi yake ya tatu ilibadilika kulingana na mwaka. Herufi ya kwanza ikiwa C, gari lilizaliwa na paa la chuma na mtu alilikata baadaye. Gari la namna hiyo halina uimarishaji niliouelezea, na mimi nisingelinunua kwa bei yoyote. Kwa msomaji wa Kenya, Uganda au Tanzania, ambako tunaendesha upande wa kushoto wa barabara kama Waingereza, DRH ndiyo inayofaa, ingawa magari yaliyoishi California, yenye usukani wa kushoto, mara nyingi huwa na kutu kidogo kuliko yaliyopita majira ya baridi katika barabara za Uingereza zilizomwagiwa chumvi.

Breki zinahitaji uangalifu wa pekee. Rolls-Royce ilichukua kutoka Citroën, kwa leseni, teknolojia ya haidroliki yenye presha kubwa, inayohudumia breki na pia kuinua sehemu ya nyuma ya gari linapopakiwa. Pampu mbili husukuma mafuta hadi kwenye matufe mawili yaliyojazwa gesi ya naitrojeni, nayo huhifadhi presha. Washa injini, isubiri dakika chache, izime, kisha washa swichi bila kuwasha injini na ukanyage breki mara kwa mara. Taa za onyo zikiwaka baada ya kukanyaga mara chache tu, matufe yamechoka na lazima yafanyiwe matengenezo.

La hatari zaidi ni mafuta yenyewe. Magari ya miaka ya 1970 hutumia RR363, mafuta ya breki yaliyoongezewa mafuta ya nyonyo ili kulainisha pampu, ilhali ya kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 hutumia mafuta ya madini ya rangi ya kijani. Ukiyachanganya, sili zote za mpira huharibika. Niliwahi kupokea gari ambalo gereji moja ililijaza mafuta ya breki ya kawaida badala ya yale ya madini. Ilitulazimu kufungua kila bomba, kila pampu na kila kifaa cha breki, na mwenye gari alilipa fedha ambazo zingetosha kununua gari zuri la familia. Soma maandishi ya kifuniko cha tangi la mafuta hayo, umwonyeshe fundi kabla hajalifungua.

Injini, V8 ya lita 6.75, haihitaji kuogopwa. Asili yake ni ya mwaka 1959, na wajukuu zake waliendelea kutumika katika Bentley hadi mwaka 2020. Bloku yake ni ya alumini, kwa hiyo maji matupu kwenye rejeta huila taratibu. Dai uthibitisho kwamba dawa ya kuzuia kutu ilibadilishwa kwa wakati, na uangalie matundu madogo ubavuni mwa bloku, ambayo maji yakitoka humo yanaonyesha kwamba sili za silinda zimekufa.

Paa la kitambaa lina tabaka kadhaa zilizoshonwa kwa mkono, na kulibadilisha ni kazi ya gharama kubwa, hivyo lisikunjwe likiwa limelowa. Ngozi iliyokauka hurekebishika, na mbao za mjozi pia.

Mwisho, kabla ya kulipa, wasiliana na klabu ya wapenzi wa Rolls-Royce yenye makao yake Paulerspury, Northamptonshire, ambayo huhifadhi kumbukumbu za utengenezaji za magari mengi ya kampuni hii. Linganisha rangi, ngozi na namba za kumbukumbu hizo na gari lililo mbele yako, kisha ndipo mzungumze bei.