Barua kwa mwanangu: kuhusu rola unayoitaka

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule dereva wa basi, nami nimeisoma mara mbili, kwa kuwa swali lako linagusa kazi niliyoifanya kwenye kerezo, ile mashine ya kuchongea chuma kwa kukizungusha, kwa zaidi ya miaka 30. Unasema kwamba ile baiskeli ya inchi 28 uliyoifunga injini ya mashine ya kufyekea nyasi inakwenda vizuri, ila huridhiki na mwendo wake wa kilomita 30 na ushee kwa saa, na unaniomba nikukerezee rola yenye kipenyo cha milimita 38 badala ya hii ya milimita 30, kile kipande cha chuma cha mviringo kinachozungushwa na injini na kusukuma tairi la nyuma. Unauliza pia kama utapata mwendo zaidi ukihamishia mtambo huo kwenye baiskeli ya inchi 26. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu ndilo linalofungua njia ya kulijibu la kwanza.

Ukubwa wa gurudumu hauna kauli katika jambo hili. Rola inasukuma uso wa tairi, na uso huohuo wa tairi ndio unaokanyaga barabara. Basi kila sentimita ya rola inayopita juu ya tairi ni sentimita moja ya njia iliyokatwa. Gurudumu kubwa litazunguka polepole na dogo litazunguka haraka, lakini mwisho wa dakika yote mawili yatakuwa yamefika mahali pamoja. Mambo yangekuwa mengine kama injini ingeuzungusha mhimili wa gurudumu kwa mnyororo. Kule Ufaransa kulikuwa na baiskeli ya injini iliyoitwa VéloSoleX, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1946, ambayo injini yake ilikaa juu ya gurudumu la mbele na kulisukuma kwa rola iliyogandamiza tairi. Magurudumu yake yalianza makubwa kama ya baiskeli ya kawaida, kisha kadiri miaka ilivyopita yakapunguzwa sana, na mwendo wake haukupungua kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usihangaike kutafuta baiskeli nyingine.

Sasa turudi kwenye rola. Rola ya milimita 30 ina mzingo wa takriban milimita 94. Injini yako ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, rola inasukuma mita 565 za tairi katika dakika hiyo, nazo ni sawa na kilomita 34 kwa saa. Ukitoa kuteleza kidogo kunakotokea siku zote baina ya chuma na mpira, unapata mwendo uleule unaousoma wewe. Rola ya milimita 38 kwa mizunguko hiyohiyo ingekupeleka kilomita 43 kwa saa. Shika kichwani kwamba kwa mizunguko 6,000, kila milimita moja unayoongeza kwenye kipenyo cha rola inaongeza kilomita moja na kidogo kwa saa, na ndiyo maana rola haipimwi kwa rula ya shule bali kwa kaliperi, kifaa cha kupimia vipenyo kwa usahihi.

Hesabu uliyoifanya wewe, basi, ni sahihi. Kilichokupita ni lile neno “kwa mizunguko hiyohiyo”, kwa sababu injini haitakubali kuzunguka vilevile ukiitwika mzigo mwingine.

Msokoto wa shafti ya injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha, hugeuka kuwa msukumo pale rola inapokutana na tairi, na msukumo huo hupatikana kwa kuugawa msokoto kwa nusu ya kipenyo cha rola. Tuchukulie kwamba injini yako yenye ujazo wa cc 43 inatoa msokoto wa nyutoni-mita 1.5 (nyutoni ni kipimo cha nguvu, na nyutoni-mita ni kipimo cha msokoto), kiasi ambacho naona ni cha haki kwa injini iliyokwisha kufanya kazi shambani. Kwa rola ya milimita 30 unapata msukumo wa nyutoni 100, na kwa rola ya milimita 38 unabaki na nyutoni 79 tu. Katika kila hali napunguza sehemu moja ya tano inayoliwa na mpira unaobonyea na kuteleza, hivyo zinakufaa kama nyutoni 80 kwa rola ndogo na 63 kwa hiyo unayoitaka.

Weka hesabu hizo barabarani. Wewe na baiskeli na injini, pamoja na mkoba wako wa kazi, mna uzito wa kilo 100 hivi. Kwenye tambarare, tairi kubingirika tu kunakula kama nyutoni 10, na upepo unaoupasua kwa mwendo wa kilomita 34 unakula nyingine 32. Jumla haifiki 45, nawe una 80, kwa hiyo injini inapumua. Kwa mwendo wa kilomita 43 upepo peke yake unadai nyutoni 51, maana mwendo ukiongezeka kwa robo, upepo unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Ukijumlisha unakuta nyutoni 61 zinazodaiwa na 63 zilizopo. Utafika, ila siku isiyo na upepo wa mbele, barabara ya lami iliyonyooka, na tairi lililojaa vizuri. Ukikutana na upepo wa kusi, mwendo wote ulioulipia utarudi ulikotoka.

Lakini wewe hukai tambarare. Kila wiki unatoka Muheza kupanda kuelekea Amani, na mlima ule naujua kwa miguu yangu mwenyewe. Chukua kipande chepesi tu, kinachopanda mita 5 katika kila mita 100: uzito wako unaongeza nyutoni 49 za kuvutwa nyuma. Kwa rola ya sasa bado unabakiwa na nyutoni kama 20 za kupasulia upepo, zinazokutosha kwenda kilomita 26 au 27 kwa saa. Kwa rola ya milimita 38 unabakiwa na nyutoni 3 au 4, na mwendo wako utaporomoka hadi ule wa mtu anayekimbia.

Hapo ndipo klachi, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye rola, inapoumia, nami naomba unisikilize sana kwenye jambo hili. Klachi ya mashine ya kufyekea nyasi ni viatu viwili vinavyotanuka kwa nguvu ya mzunguko na kushika kikombe chake injini inapokaribia mizunguko 4,000. Kwa rola ya milimita 30, mizunguko hiyo inaangukia kwenye mwendo wa kilomita 22 au 23 kwa saa. Kwa milimita 38 inaangukia karibu kilomita 29. Chini ya mwendo huo viatu vinasugua bila kushika. Kwa hiyo kila unapoondoka ungelazimika kupiga pedali hadi kilomita 29 kabla injini haijakusaidia kikamilifu, na mlimani ungepanda muda wote klachi ikiteleza. Miaka ile kijana mmoja alinijia na bomba la chuma akataka rola ya milimita 45, nami kwa kuwa alikuwa mteja na amelipa, nikamkerezea bila kumuuliza anakaa wapi. Alirudi baada ya siku nne na kikombe cha klachi kimegeuka rangi ya bluu kama shingo ya njiwa, viatu vimeungua hadi kwenye chuma, na harufu yake ilibaki karakanani mpaka jioni. Nilimrudishia fedha yake, kwa sababu kosa lilikuwa langu la kutouliza.

Jambo litakalokushangaza ni hili: ukishuka hadi milimita 28, msukumo unapanda hadi nyutoni 86 baada ya kupunguza zinazopotea, na kwenye mlima uleule utakwenda karibu kilomita 30 kwa saa, yaani kasi kuliko sasa. Tambarare utapoteza kilomita mbili tu. Kwa safari zako, rola ndogo ndiyo itakayokufikisha mapema.

Hata hivyo usinitake nishuke hadi milimita 22 au 20. Rola nyembamba inagusa sehemu ndogo ya tairi huku ikibeba msukumo mkubwa zaidi, hivyo inaukunja mpira kwa ukali, inateleza upesi barabara ikilowa, na inalila tairi. Utaiona dalili hiyo chini ya madigadi: vumbi laini jeusi, linalobaki vidoleni ukilifuta. Ukiliona kwa wingi, usikimbilie kukaza spring ya kugandamiza rola. Jaza kwanza upepo, maana tairi legevu linaifanya rola izame na kula nguvu ambayo ingekusukuma. Na matope ya Amani yakishaingia kati ya rola na tairi, hakuna kipenyo kitakachokusaidia. Inua injini kwa ile komeo yake upige pedali.

Nisikufiche kwamba mimi na mama yako tuna hofu nyingine pia. Breki za hiyo baiskeli ni za fimbo, zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu anayepiga pedali. Kutoka kilomita 34 hadi 43 kwa saa, umbali unaohitajika kusimama unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na mvua ikinyesha rimu za chuma hazishiki kabisa kwa mzunguko wa kwanza na wa pili. Kabla ya kuongeza mwendo wowote, badilisha raba za breki zote nne.

Nimekukerezea rola mbili, moja ya milimita 28 na nyingine ya milimita 32, zote nimezichonga mikwaruzo ya msalaba isiyo mikali ili zishike bila kuchana mpira. Ya 32 ni ya siku utakapopangiwa kazi za huku bondeni. Dereva atakuletea keshokutwa, nazo nimezifunga kwenye kitambaa chenye mafuta, usikifungue mpaka siku ya kuzifunga. Funga ya 28 kwanza. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye rola, lisogeze gurudumu kwa mkono mzunguko mmoja kamili, uhesabu rola imezunguka mara ngapi. Kwa gurudumu lako lenye mzingo wa mita 2.2 inapaswa kuwa mara 25. Ikizidi au ikipungua kwa zaidi ya nusu mzunguko, ama rola inateleza ama tairi halina upepo wa kutosha. Kisha panda Amani mara moja, na ukifika juu gusa kifuniko cha klachi kwa mgongo wa kidole. Niandikie hesabu uliyoipata, mwendo uliousoma mlimani, na kama kidole kilivumilia.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako