Kompyuta nzito: maswali yenu kuhusu RAM

Nimefuta filamu na picha zote, lakini laptop bado nzito. Kwa nini?

Kwa sababu ulivyofuta vilikuwa kwenye diski. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hubeba hasa kile kinachofanya kazi sasa hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha bofya neno Memory: walaji wakubwa watapanda juu. Mara nyingi utakuta kivinjari kinaongoza. Funga vichupo usivyovisoma.

Nikiwasha tu, RAM imeshafika asilimia 60. Ni kirusi?

Si lazima. RAM ya GB 4 ndiyo kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, kwa hiyo kwenye mashine yenye GB 4 mfumo peke yake humeza sehemu kubwa. Kagua programu zinazojiwasha zenyewe: humohumo Task Manager, sehemu ya Startup apps, zima usizozihitaji. Ya kuzuia virusi iache.

Kuna programu inayoahidi kusafisha RAM kwa kubofya mara moja. Niiweke?

Usiiweke, na usiilipie hata senti. Nyingi hufanya jambo moja: huzilazimisha programu ulizofungua ziachie RAM, na data zake huishia kwenye faili la akiba lililo kwenye diski. Namba inashuka, unafurahi. Ukirudi kwenye barua uliyokuwa unaandika, data zilezile zinavutwa tena kutoka diski, ambayo ni ya polepole mno kuliko RAM, hasa ile ya kizamani inayozunguka. Unabaki na mashine nzito kuliko mwanzo. RAM iliyokaa tupu haikusaidii kitu. Windows huitumia kuweka mafaili unayoyarudia mara kwa mara, na huyaondoa yenyewe programu nyingine ikihitaji nafasi.

Nazima kila usiku, lakini asubuhi uzito uko palepale.

Chagua Restart. Windows yenye Fast Startup (njia ya kuwaka haraka) ikizimwa huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha vilevile ukiwasha; Restart huuanzisha mfumo upya.

Fundi ameniwekea RAM ya GB 8, mbona inatumika 3 na ushei tu?

Fungua Settings, System, About, usome System type. Ukiona mfumo wa biti 32, basi kwa Windows za nyumbani hauvuki GB 4 hata uongeze nini. Kama prosesa (ubongo wa kompyuta) ni ya biti 64, mwambie fundi aweke Windows ya biti 64. Inawekwa upya kabisa, kwa hiyo hamisha mafaili yako kwanza.