Ile th ya Kisanskriti imetoka wapi

Umeuliza mbona Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina th (t yenye pumzi, siyo th ya "thelathini") kwenye "tiṣṭhati" (anasimama) na Kigiriki kina t tu, "histēmi". Kaka, hiyo h ya kwenye th mwanzo, kwenye lugha mama ya hizo zote, ilikuwa konsonanti ya kooni inayojitegemea, huandikwa h2, sasa ikikaa baada ya t na irabu ikafuata basi upande wa India na Iran ikamezwa na t, ikaiachia hiyo t pumzi, kama ile ya paa mnyama ukimsikiliza mtu wa Mombasa, siyo paa la nyumba. Ushahidi mtamu uko Kiavesta, lugha ya kale ya Iran: njia ni "pantå", ila "ya njia" ni "paθō" (θ ndiyo th ya "thelathini", huko Iran ilitokana na ile t yenye pumzi)! Kwenye pantå irabu ilizitenganisha t na h2, kwenye paθō ziligusana. Kisanskriti wakasawazisha tu, pánthās na pathás, th kote.