Kwa manesi wapya: siku ukipokea mapacha walioungana

Wadogo zangu mnaoripoti kazini huku kusini, wengi mtakaa miaka bila kuwaona mapacha walioungana, ila wakija wanaweza kuja usiku, daktari yuko njiani na wewe ndo umewashika. Mimi walinikuta Mtwara, wameungana kifua na tumbo, uso kwa uso, mama katokea Tandahimba. Bibi yao alinidaka mlangoni, "sista, ni mtoto mmoja au wawili?" Nikamwambia wawili bibi.

Basi anzia hapo. Mafaili mawili, chati mbili, na muombe mama awape majina mapema. Wetu tulimfunga mmoja utepe mwekundu na mwenzie wa bluu, rangi ikafuata kila waya, kila dripu, kila mpira wa oksijeni. Shifti ikibadilika saa mbili usiku utaona faida yake.

Lakini damu haijui mafaili yako. Hapo tulikosea, mwenzetu mmoja alisoma mizani akapiga dozi ya antibayotiki kwa uzito aliouona, akampa wa kwanza, halafu akarudia ileile kwa wa pili, kasahau kwamba ule uzito ni wa wote wawili. Dozi unaipiga mara moja kwa uzito wa jumla, unagawa nusu kwa nusu, na kwa vile mara nyingi damu inapita kwa wote, dawa ya huyu unaiangalia na kwa yule, hasa dawa za usingizi na maumivu. Tuligundua kwenye makabidhiano, watoto walikuwa salama, ila mimi usiku ule sikulala. Sukari nayo pima wote, usiseme mmoja yuko sawa basi na mwenzie yuko sawa.

Kulisha ndo kazi yenyewe. Wakiwa uso kwa uso, mmoja akicheua maziwa yanaenda puani kwa mwenzie, kwahiyo lisha mmoja mmoja taratibu, geuza vichwa pembeni, na sisi tulikunja kipande cha khanga safi tukakiweka katikati ya mashavu. Pale walipoungana jasho linatuama, na joto letu la Desemba mnalijua, kausha kwa kugusagusa usisugue, angalia wekundu kila ukibadilisha nepi, na plasta usibandike hapo kabisa.

Halafu simu weka mfukoni. Watu walijaa dirishani, wengine manesi wa wodi nyingine, mama kajifunika uso na khanga yake. Nilivuta pazia nikawatoa wote. Siku ya tatu ndo mama akanyoosha mkono akawagusa.

Rufaa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 550 za barabara, hesabu oksijeni ya watoto wawili na wakae na joto njia nzima. Wakati tunafunga vitu bibi akaniuliza kama watoto wa hivi huwa wanakua. Nikamweleza Maria na Consolata, nao mapacha walioungana, walizaliwa Makete 1996 wakasoma mpaka chuo kikuu Iringa, wakafariki 2018. Sikumuahidi kitu, maana moyo ukiwa mmoja ni habari nyingine na hilo atalisema daktari baada ya vipimo. Akanyamaza, akauliza mwekundu ni yupi na bluu ni yupi, akainama akaaga kila mmoja kwa jina lake.